Kupunguza Bila Kutoa

Katika maabara ya Innokenty Valerianovich Stolbov seli ilikuwa imeshindwa kufa kwa miaka mingi, na kosa halikuwa la seli.

Seli ya kweli, ile ya mwilini, hufa kwa adabu kabisa. Ikiletewa amri kwamba muda wake umekwisha, protini zake zinaamshana moja baada ya nyingine, inajikatakata yenyewe kimyakimya, inajifunga vifurushi vidogovidogo, majirani wanakula mabaki, na hakuna anayelia. Seli ya Stolbov ilikuwa ya hesabu. Iliishi ndani ya kompyuta, ghorofa ya tatu ya taasisi moja katika mji wa wanasayansi huko Siberia, na kabla haijafa ilibidi ipate idhini ya milinganyo arobaini na ushee. Kompyuta ilikuwa ikianza kuhesabu kifo hicho asubuhi, watu wanakwenda kula, wanarudi, wanakunywa chai, seli bado inajishauri.

Mambo yalifikaje hapo? Kwa desturi tu. Zamani, Stolbov alipokuwa bado ana nywele, aliandika milinganyo michache na kati yake akaweka kitu kilichokuja kujulikana kama Mzunguko wa Stolbov: protini ya kwanza inaiamsha ya pili, ya pili inarudi kuichochea ya kwanza, na ndiyo maana, alisema, seli ikishaanza kufa hairudi nyuma. Alipewa medali, akapewa maabara, akapewa wanafunzi. Wanafunzi nao walitaka shahada. Ili upate shahada lazima ulete jipya, na jipya la bei nafuu kuliko yote ni kuongeza mlinganyo. Huyu akaleta protini inayozuia, yule akaleta protini inayomzuia mzuiaji. Waliopata shahada wakabaki palepale maabara, wakapewa meza, wakawa ndio wanaopiga kura kwa wanaofuata. Nani angethubutu kutoa mlinganyo wa mtu aliyekaa meza ya pili akimenya chungwa? Hakuna. Kwa hiyo hakuna aliyetoa, kila mtu aliongeza, na watu wazima wenye akili timamu waliita hali hiyo maendeleo.

Kisha hospitali ya saratani ya mji wa jirani ikawaharibia raha. Madaktari walitaka kujua dawa zao zinaua seli gani na zinashindwa kuua zipi, na wakaomba hesabu ndogo, ya kutumika. Ombi lilizunguka maabara kama sahani chafu, kila mtu akimpa mwenzake, mpaka likatua mezani kwa Taisiya Pavlovna Zhuravleva, ambaye hakuwa na wa kumpa.

Taisiya alikuwa na miaka thelathini na minne na hakuwa na shahada ya juu. Alikuwa na mama, paka wa mama, na nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa mali ya taasisi. Mwaka huo uongozi ulitangaza kwamba ifikapo kiangazi wasio na shahada hawataongezewa mkataba, na asiye na mkataba arudishe funguo. Ili atetee tasnifu yake ilikuwa lazima kwanza maabara imsikilize katika kikao cha utangulizi na kumpigia kura. Akipita, anabaki. Akishindwa, anafungasha virago, yeye, mama na paka. Na mada ya tasnifu ambayo ingemwokoa au kumwangamiza ilikuwa moja: kupunguza milinganyo ya watu walewale watakaompigia kura. Aliyempangia hayo lazima alikuwa mcheshi.

Kazi yenyewe, nje ya ukumbi wa wapiga kura, ilimnogea. Ni akili ya jikoni. Ukipika supu ya viazi vyekundu, chumvi inayeyuka papo hapo, huna haja ya kuifuatilia. Sufuria nayo inalika, lakini inalika kwa miaka, huna haja ya kuifuatilia pia. Kinachoamua watu watakula saa ngapi ni kiazi. Taisiya aliichukua milinganyo mmoja mmoja na kuuliza: wewe ni chumvi, ni sufuria, au ni kiazi? Alianza na wa kwake, ule aliohitimu nao chuo kikuu kwa mbwembwe akiwa na miaka ishirini na mbili. Ulikuwa sufuria. Akautoa, akaona aibu kidogo, akaendelea. Kufikia majira ya majani kuanguka vilibaki viazi vitano, na mchoro uliotokana na hiyo mitano ulilingana na vipimo vya hospitali kuliko ile arobaini yote ilivyowahi kulingana.

Habari zikavuja, maana katika maabara ile hata ukipiga chafya ghorofa ya kwanza unaombewa afya ghorofa ya tatu. Wa kwanza kufika alikuwa Rufina Markovna, mwenye protini inayozuia, amekuja na chupa ya uyoga wa siki.

"Tasya mpenzi, nimekuletea uyoga. La, usipokee mlangoni, kupokezana juu ya kizingiti huleta ugomvi, unataka tugombane? Ngoja niingie kwanza." Akaingia, akaweka chupa, akakaa. "Nasikia unapunguza."

"Napunguza kidogo, Rufina Markovna."

"Na protini yangu haijambo?"

"Imetoka."

"Imetoka imekwenda wapi?"

"Haikuwa inabadilisha kitu. Nimejaribu nayo, nimejaribu bila yake, mchoro ni uleule."

"Mchoro!" Rufina Markovna akapiga goti lake kofi. "Protini ile imenipa shahada, imenipa meza ya dirishani, imenipa Borya, maana Borya nilimpata kwenye karamu ya utetezi wangu. Leo unanitajia mchoro!"

"Si mliachana na Borya?"

"Tuliachana. Protini ilibaki!"

"Hata wangu nimeutoa, Rufina Markovna. Ndio wa kwanza."

"Wako ni wako, mwanangu, ukitaka uchome moto. Mimi umri wangu huu nikaanze na protini gani?"

Baada yake akaja Yeremey Fomich Lagutin, naibu mkuu wa maabara, mtu aliyekuwa na tai ya kila siku ya wiki na mlinganyo mrefu kuliko yote. Hakuleta uyoga.

"Siombi kwa ajili yangu," alisema. "Mimi ni mtu wa sayansi. Mlinganyo wangu ukistahili kutoka, utoke, nitalala usingizi. Nakukumbusha tu, kirafiki, kwamba kikao chako ni mwezi ujao na mwenyekiti ni mimi."

"Nakumbuka, Yeremey Fomich."

"Basi ukumbuke vizuri."

Taisiya akakumbuka vizuri. Akabuni kiambatisho. Milinganyo yote aliyoitoa aliihamishia nyuma ya tasnifu, kila mmoja na ukurasa wake, jina la mwenyewe kwa herufi nzito, na maneno matamu juu ya mchango wake wa kihistoria. Kiambatisho kilizidi tasnifu kwa unene. Rufina Markovna alipouona ukurasa wake alilia, akarudi na chupa ya pili. Lagutin alipata kurasa mbili na akaomba ya tatu.

Ukabaki Mzunguko wa Stolbov. Huo hauwekwi kwenye kiambatisho. Uko kwenye vitabu vya chuo, umechongwa kwenye ukuta wa ngazi, wageni wanapigwa picha nao. Taisiya alikuwa ameupima kwanza kwa heshima, kisha kwa wasiwasi, kisha kwa hasira, kwa kila kipimo kilichokuwepo, na jibu halikubadilika. Mzunguko haukuwa kiazi. Haukuwa hata chumvi. Seli ilianza kufa na kutorudi nyuma kwa sababu nyingine kabisa, na mzunguko ulikaa pembeni ukizunguka peke yake, umependeza.

Stolbov alimwita ofisini siku hizohizo. Mzee alikuwa amekula chumvi nyingi, mrefu, amejikunja kidogo juu, na ofisini alivaa viatu vya manyoya kwa sababu ya baridi ya sakafu. Akammiminia chai mwenyewe.

"Nasikia wanakupelekea uyoga," alisema.

"Na jemu pia, Innokenty Valerianovich."

"Kula, usiogope. Halafu fyeka. Nimewaambia miaka yote, ile si hesabu, ni stoo ya shamba. Fyeka yote bila huruma." Akakata kipande cha limau. "Mzunguko bila shaka unaubakiza."

Hapo ndipo pa kusema. Taisiya alifungua kinywa, akaona funguo za nyumba, akaona paka, akasema chai ni nzuri sana. Mzee alimtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida ya mtu anayesifiwa chai.

"Chai ya kawaida tu," alisema. "Haya, nenda."

Daktari alikuja wiki iliyofuata. Aliitwa Zakir Ildarovich, Mtatari mwenye macho ya mtu anayelala nusu usingizi siku zote, na alikuwa ndiye aliyetuma ombi la hospitali. Taisiya alimwandikia milinganyo mitano kwenye karatasi moja. Akaisoma amesimama, koti hajavua, theluji inayeyuka mabegani.

"Basi?" akauliza.

"Basi."

"Ile mingine?"

"Iko kwenye kiambatisho."

Daktari akacheka mpaka akakohoa. "Dada yangu, miaka yote hii naleta vipimo hapa, mnanirudishia vitabu. Leo mara ya kwanza napewa kitu ninachoweza kukishika. Nina wagonjwa ambao dawa haiwafanyi kitu na sijui kwa nini. Kwa hii angalau nitajua pa kutazama." Kisha akawa makini. "Ila sioni mzunguko wa mzee. Umesahau, au haumo?"

"Njoo kwenye kikao," alisema Taisiya, kwa sababu hakuwa na ujasiri wa kujibu.

Mama yake alikuwa na jibu, kama kawaida. "Mwachie mzee mzunguko wake," alisema huku akimlisha paka. "Unakula nini wewe, ukweli? Ungekuwa na siagi juu yake ningekuelewa."

Taisiya hakulala vizuri siku zile. Alikuwa anaogopa, tuseme wazi, alikuwa anaogopa kama mtoto aliyevunja sahani. Akatengeneza mchoro mmoja wa kuonyesha katika kikao: seli ikifa ikiwa na mzunguko, mstari mwekundu, seli ikifa bila mzunguko, mstari wa buluu. Akajiambia ataonyesha tu, hatasema kitu, kila mtu ana macho yake. Huo ndio ushujaa alioweza kuumudu.

Siku ikafika. Watu walikaa kwenye ukumbi mdogo, keki na divai ya mapovu zikisubiri meza ya nyuma zimefunikwa kitambaa, kwa sababu kura ni kura lakini keki huagizwa mapema. Taisiya alieleza chumvi, sufuria na kiazi kwa maneno ya kisomi yasiyoeleweka, kama inavyotakiwa. Alipofika kwenye kiambatisho ukumbi mzima ukafunua kurasa, kila mtu akitafuta jina lake, na kwa muda hakuna aliyemsikiliza. Ndipo akaweka mchoro wa mwisho.

Stolbov, aliyekuwa safu ya mbele, akainua kidole. "Ngoja hapo. Seli ipi ni yenye mzunguko?"

Kwenye skrini ulionekana mstari mmoja. Wa buluu. Wa pili ulikuwa chini yake, umefunikwa wote, kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Taisiya hakupewa nafasi ya kujibu. Lagutin alishasimama.

"Innokenty Valerianovich, mbona inaonekana! Ni ile ya juu. Angalieni inavyopanda kwa uhai. Ile nyingine imelegea."

"Hapa kwenye bega la mstari," alisema Rufina Markovna akikaza macho, "kuna kama ulaini. Ulaini huo ni mzunguko. Mimi ningeutambua hata gizani."

"Mimi naona tofauti zaidi huku mwishoni," alisema mwingine.

"Mwishoni ni dhahiri, hatujadili mwishoni. Tunajadili begani."

Wakabishana. Watu waliopata shahada za hesabu walibishana kwa dakika kadhaa, kwa heshima kubwa, juu ya tofauti ya mistari miwili ambapo palikuwa na mstari mmoja. Mmoja alichora hewani kwa kalamu. Stolbov hakugeuka kuwatazama. Alikuwa anamtazama Taisiya, na kidole chake bado kiko juu.

"Nimemuuliza yeye," alisema.

Taisiya angeweza kusema ya juu. Wote walishakubaliana ni ya juu, kazi yake ilikuwa kuitikia tu na kwenda kula keki. Lakini Zakir Ildarovich alikuwa amekaa nyuma na ile karatasi mapajani, na Taisiya akamwona, na akapiga moyo konde.

"Haiwezekani kusema ipi, Innokenty Valerianovich. Zimelaliana. Zote mbili ni mstari mmoja. Ukiutoa mzunguko hakuna kinachobadilika, wala begani wala mwishoni. Nimejaribu kwa vipimo vyote tulivyo navyo."

Lagutin akakaa polepole kama mtu anayekalia kitu kisichoaminika. Rufina Markovna alijitia kutafuta miwani, ambayo ilikuwa usoni.

Stolbov akasimama, akasogea mpaka kwenye skrini, pua karibu iguse mstari. Alikaa hapo muda ambao Taisiya aliutumia kufunga masanduku yote ya nyumbani kichwani. Kisha mzee akageuka, akatabasamu.

"Matokeo makubwa sana haya," alisema. "Taisiya Pavlovna ametuonyesha jambo ambalo mimi mwenyewe sikuthubutu kulisema. Mzunguko una nguvu kiasi kwamba hata ukitolewa, seli inaendelea kufanya kama vile upo."

Pumzi za ukumbi mzima zikashuka kwa pamoja. Lagutin akaanza kupiga makofi.

"Samahani," alisema daktari kutoka nyuma. "Mimi ni mtu wa hospitali, sijui falsafa. Niuweke au nisiuweke?"

"Unaweza usiuweke," alisema Stolbov. "Ila ujue upo."

"Kwa hiyo siuweki."

"Huuweki. Lakini upo."

Zakir Ildarovich akaikunja karatasi yake, akaitia mfukoni, akaaga. Alikuwa na wagonjwa. Kura ikapigwa, mikono yote juu, hakuna aliyepinga wala aliyejizuia, na Lagutin akatangaza kwamba maabara inaipendekeza tasnifu kwa utetezi majira ya kuchipua, chini ya baraza ambalo mwenyekiti wake ni Innokenty Valerianovich. Taisiya akaifunga tasnifu yake. Amepita. Nyumba imebaki, mama amebaki, paka amebaki. Ameusema ukweli mbele ya watu wote, wakaupigia makofi, na hakuna hata mmoja aliyeusikia.

Kitambaa kikaondolewa kwenye keki. Stolbov alimvuta mkono wakasimama dirishani, mbali kidogo na wenzao waliokuwa wakigombea visu.

"Umejua tangu lini?" akamuuliza kwa sauti ya chini.

"Tangu majani yalipoanza kuanguka. Nisamehe, Innokenty Valerianovich, nilipaswa kukuambia siku ile ya chai."

"Ulipaswa." Mzee alitazama theluji nje. "Mimi nilijua kabla hujazaliwa."

Taisiya hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa.

"Baada ya kuchapisha nilirudia hesabu," alisema Stolbov. "Mzunguko haukuwa unafanya kitu. Nikasema nisubiri, atatokea kijana mmoja mkali ataona, atasema, nami nitakubali kwa heshima. Nikasubiri. Wakaja hao." Akaelekeza kidevu kwenye keki. "Kila mmoja aligundua kwamba mzunguko haufanyi kazi vizuri, na kila mmoja akaniletea mlinganyo wa kuusaidia."

"Na leo? Leo nimesema. Mbona hukukubali?"

"Wewe hukuona nyuso zao?" alisema mzee. "Nilisimama pale kwenye skrini nikubali. Nikageuka nikawaona. Kinywa kikasema chenyewe."

Taisiya alitaka kumhurumia, na huruma haikuja. Ilikuja hasira, moto, kifuani. Miaka yote hiyo daktari anabeba vipimo kwenye theluji na kurudi na vitabu. Watu wanazeeka juu ya milinganyo ya kuegemeza kitu ambacho mwenyewe anajua hakisimami. Na yeye Taisiya ametetemeka miezi mizima asimvunje moyo mzee ambaye alikuwa anajua.

"Waambie sasa," alisema. "Hapa hapa. Si umesubiri mtu? Nipo."

Stolbov akafungua kinywa. Lakini Lagutin alikuwa ameshagonga glasi kwa kisu.

"Wapendwa! Kabla hatujala. Tunywe kwa ajili ya Taisiya Pavlovna, na tunywe kwa ajili ya mzunguko, ambao leo tumethibitisha kwamba hauwezi kutolewa hata ukitolewa. Mwenye sherehe aanze!"

Wote wakageuka dirishani, glasi juu, nyuso zinang'aa kwa furaha ya watu walioponea chupuchupu. Rufina Markovna alimtia Taisiya glasi mkononi na kumbusu shavuni. Stolbov hakuinua ya kwake. Alimtazama Taisiya kama alivyomtazama ofisini siku ile ya chai, vilevile, na sasa Taisiya alijua alikuwa anasubiri nini. Alihitaji mtu mmoja tu aseme tena, mara moja, kwa sauti, kabla kinywa chake hakijamwahi.

Utetezi ulikuwa majira ya kuchipua. Funguo zilikuwa kwenye mfuko wa koti lake, alizihisi.

"Kwa mzunguko," alisema Taisiya.

Wakaitikia wote, wakanywa. Mzee akashusha macho, akagonganisha glasi yake na ya Taisiya, akamwambia divai imechacha kidogo mwaka huu, na akaenda kuchukua keki yake.